Tagi Hujua Ilipo Tagi

Mwaka 2011, katika Katanga ya zamani kabla haijagawanywa kuwa mikoa minne, magunia ya koltani na kasiteriti yalianza kufungwa vibandiko vyenye namba. Mpango huo uliitwa ITSCI, na ulipata nguvu baada ya Marekani kupitisha sheria ya Dodd-Frank mwaka 2010, iliyotaka makampuni yaeleze kama madini yao yanatoka kwenye maeneo ya vita. Ajenti wa serikali alifunga kibandiko cha kwanza mgodini na kuandika namba na uzito kwenye daftari. Cha pili kilifungwa kwa mnunuzi. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitoa ripoti, iliyohusu hasa Kivu na Rwanda, likidai kwamba vibandiko viliuzwa na kufungwa kwenye magunia yaliyotoka kwingine kabisa. ITSCI ilikana. Ugomvi huo si wa sura hii. Lililo letu ni jambo moja ambalo pande zote mbili zinalijua: namba ilisema kweli kuhusu kibandiko. Kuhusu mawe yaliyo ndani ya gunia, ukweli ulikuwa mkononi mwa aliyekifunga.

Naanzia kwenye magunia kwa sababu wanaouza mifumo ya kufuatilia vitu hospitalini huanzia kwenye skrini: ramani ya jengo yenye nukta za rangi zinazotembea, kila nukta ni kitanda, mashine au mgonjwa. Ni picha ya kuvutia, na mkurugenzi aliyechoka kuulizwa mashine iko wapi anaweza kusaini siku hiyohiyo. Lakini nukta ile ni tagi. Ikibanduka kwenye mashine na kuanguka nyuma ya kabati, mfumo utaendelea kuonyesha kabati kwa uaminifu mkubwa.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila kitu kinachofuatiliwa hubandikwa tagi, kifaa kidogo chenye namba yake na mara nyingi betri yake. Ukutani au darini hufungwa vipokezi. Tagi inajitangaza, vipokezi vinaisikia, kompyuta inakadiria ilipo, na muuguzi anaona. Wazo hili lina zaidi ya miaka 30. Kati ya 1989 na 1992, Roy Want, Andy Hopper na wenzao katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, walitengeneza beji iliyotoa mwanga wa infraredi kila baada ya sekunde 15, ili simu ya ofisini imfuate mtu chumba alichopo. Hospitali za nchi tajiri zililipokea wazo hilo kwa hamu, kwa kuwa ndani ya jengo ishara ya GPS ni hafifu mno kutofautisha chumba na chumba.

Sasa tuje Lubumbashi. Hospitali kubwa za mji huu si minara ya vioo. Hospitali ya rufaa ya mkoa inayobeba jina la Jason Sendwe, kiongozi wa chama cha Balubakat aliyefanya kazi ya uuguzi kabla ya siasa na kuuawa mwaka 1964. Kliniki za Chuo Kikuu. Hospitali zilizoanzishwa kwa ajili ya watu wa Gécamines na wa reli ya SNCC: hizi ni taasisi zilizokua kwa miongo, jengo likiongezwa juu ya jengo. Mahali ambapo wodi zimetawanyika katika pavilioni, zikiunganishwa na baraza na nyua, kutafuta mashine ni kazi ya miguu. Usiku mtoto anahema kwa shida na konsentreta ya oksijeni haipo inapotakiwa kuwa. Muuguzi yuko peke yake na wagonjwa wengi, hawezi kuondoka. Anamgeukia baba aliyekuja kumlinda mgonjwa wake: “Papa, kimbia kule maternité, waambie watoe ile mashine.” Na Papa anakimbia kwenye mvua ya Januari, hajui anatafuta mashine ya rangi gani.

Dakika hizo ni za thamani, na mtu asiyezijali asipewe kazi ya kuchagua chochote hospitalini. Hata hivyo ni lazima tuulize kwa nini mashine haikuwepo. Pengine iliazimwa na wodi nyingine, haikurudishwa. Pengine muuguzi wa zamu iliyopita aliifungia kabatini kwa kuogopa kwamba kesho atakapoihitaji hataipata. Tabia hii inajulikana katika hospitali za dunia nzima, na haitokani na ubaya wa mtu. Inatokana na uhaba. Pengine pia mashine iko palepale, lakini imekufa. Mwaka 2011 watafiti wawili, Perry na Malkin, walikusanya orodha za vifaa zaidi ya 112,000 vya hospitali katika nchi 16 zenye uwezo mdogo na kukuta kwamba asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Sababu walizozitaja ni mafunzo, usimamizi na miundombinu. Hospitali yenye hali kama hiyo ikibandika tagi kila kitu, itakuwa imenunua njia ya gharama kubwa ya kujua vyuma vichakavu vimelala wapi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji redio yoyote. Ni orodha: kila mashine na namba yake iliyochapwa, ikiwezekana na msimbo wa QR unaosomwa na simu ya kawaida, tarehe ya matengenezo ya mwisho, na wodi yenye dhamana nayo. Fundi wa matengenezo na karani mmoja wanaweza kuizungukia hospitali nzima. Watakapomaliza, maswali mengi yaliyodhaniwa kuwa ya teknolojia yatakuwa yamejibiwa. Ikionekana kwamba hospitali ina konsentreta tano tu zinazofanya kazi, na zote ziko katika wodi mbili, fedha za vipokezi zinunue konsentreta ya sita. Nasema hivyo bila kusita.

Lakini kuna hospitali zitakazobaki na tatizo la kweli: vifaa vingi vinavyohama, wodi nyingi, zamu nyingi. Hizo ndizo zinazopaswa kuchagua, na hapa uchaguzi unakuwa mgumu, kwa sababu kila aina ya mfumo inajua jambo lake na kutojua jingine.

Infraredi, ile ya beji za Cambridge, ni mwanga, na mwanga haupenyi ukuta. Udhaifu huo ndio nguvu yake: kipokezi kikiiona tagi, basi tagi imo ndani ya chumba kile, hakuna ubishi. Mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, ultrasoniki, nayo huishia ukutani. Katika hospitali, kujua chumba kwa uhakika mara nyingi kuna faida kuliko kujua mita. Shida ni kwamba shuka ikifunika tagi, mwanga umezibwa. Jua kali likipita dirishani, kipokezi kinababaika. Na kila chumba kinataka kipokezi chake, kumaanisha waya au betri kila chumba.

Bluetooth ya nguvu ndogo inauzwa sana siku hizi, na ina sababu. Tagi zake ni nafuu, betri yake ya duara kama ya saa hudumu mwaka mmoja hadi miaka kadhaa kutegemea inajitangaza mara ngapi, na simu yoyote ya kisasa inaweza kuisikia. Mfumo wa kawaida hukadiria umbali kwa kupima nguvu ya ishara, na hilo ndilo tatizo. Nguvu ya ishara hupungua ikipita kwenye matofali, hupungua zaidi ikipita kwenye mwili wa mtu uliojaa maji, na hurudishwa na mabati na vitanda vya chuma. Makosa ya mita kadhaa ni ya kawaida, na mita kadhaa zinatosha kuihamishia mashine upande wa pili wa ukuta, wodi ya wanaume ikasomeka wodi ya wanawake. Tangu Bluetooth 5.1 ya Januari 2019 kuna njia ya kupima pembe ambayo ishara inatokea, iliyo sahihi zaidi, lakini inadai antena maalumu na kupima jengo kwa uangalifu.

Wi-Fi inashawishi kwa hoja kwamba hospitali tayari inayo. Ikague hoja hiyo. Wi-Fi iliyowekwa ili ofisi ya uhasibu ipate intaneti haiwezi kupima mahali. Tagi inapaswa kusikika na vituo visivyopungua vitatu kwa wakati mmoja, kila pembe ya kila wodi. Tagi zake pia hula betri zaidi.

Redio ya mkanda mpana mno, ile wataalamu wanayoiita UWB, ndiyo yenye usahihi wa kushangaza. Hupima muda ambao mpigo wa redio umesafiri. Mwanga na redio hukata sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo saa zenye makini ya kutosha zinaweza kukueleza tagi ilipo kwa makosa ya sentimita 10 hadi 30. Ni teknolojia ninayoipenda kwa uzuri wake. Kwa hospitali nyingi za Lubumbashi nisingeipendekeza leo. Inataka vipokezi vingi vilivyofungwa imara, vinavyolishwa umeme bila kukoma na kusawazishwa saa zao, na hakuna muuguzi anayehitaji kujua kama konsentreta iko kushoto au kulia kwa kitanda.

Inabaki RFID isiyo na betri. Tagi ni antena na chembe ndogo tu. Kisomaji huirushia mawimbi, nayo huyatumia mawimbi hayohayo kujibu. Zile za karatasi bei yake ni senti chache za dola. Hazisemi kitu kiko wapi sasa. Husema kimepita mlango gani, saa ngapi. Kwa mashine zinazotoka na kurudi stoo, kwa shuka, kwa mafaili ya wagonjwa, mara nyingi hilo linatosha. Ila tagi ya karatasi ikibandikwa moja kwa moja juu ya chuma huwa bubu, kwa hiyo vifaa vya chuma vinahitaji tagi zilizotengenezwa kwa ajili yake, na hizo ni ghali zaidi. Vyombo vya upasuaji vinavyopikwa kwenye otoklevu kwa nyuzi 134 vinahitaji zinazohimili joto hilo.

Na hapa pana mtego. Marekani hutumia RFID ya aina hii kati ya megahezi 902 na 928. Ulaya hutumia 865 hadi 868. Kongo iko katika kanda moja ya redio na Ulaya, na simu za GSM 900 hupeleka sauti zetu mnarani kati ya 880 na 915. Visomaji vya Marekani vikiletwa kwa nia njema kama msaada, vikawashwa bila kubadilishwa, vitapiga kelele katikati ya njia ya simu za mji. Kabla ya kontena kuondoka huko linakotoka, swali la masafa lipelekwe kwa ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini.

Redio ina jambo jingine, zito kuliko simu. Juni 2008 jarida la tiba la JAMA lilichapisha jaribio lililofanywa Amsterdam na van der Togt na wenzake. Waliweka visomaji vya RFID karibu na vifaa 41 vya wagonjwa mahututi, wakafanya majaribio 123. Mara 34 kifaa kilivurugika, na mara 22 kati ya hizo uvurugikaji ulihesabiwa kuwa wa hatari: mashine za kupumulia zilizozimika, pampu za dawa zilizosimama. Hapakuwa na mgonjwa aliyeunganishwa, na umbali wa katikati (mediani) kati ya kisomaji na kifaa ulikuwa sentimita 30. Kisomaji cha megahezi 868, chenye nguvu, kilifanya vibaya kuliko kile cha kilohezi 125. Tagi ndogo za Bluetooth hutoa nguvu ndogo mno zikilinganishwa na kisomaji kile, na vifaa vipya vimekingwa vizuri zaidi. Lakini hospitali zetu zina mashine za rika zote, nyingine zilizotumika Ulaya kwa miaka kabla ya kufika hapa. Mfumo wowote ujaribiwe kwanza mbele ya mashine hizohizo zilizopo, mgonjwa akiwa hayupo, fundi akiandika kila anachokiona.

Sasa umeme. Mji wa Lubumbashi umezungukwa na shaba inayopelekwa dunia nzima kutengeneza waya, na mabwawa ya Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke yalijengwa hasa kwa ajili ya migodi. Mkazi wa Kenya au Katuba, vitongoji vya mji huu, anayekaa gizani wakati wa delestaji, yaani mgawo wa umeme, hahitaji kuelezwa zaidi. Wauzaji hupenda kuulizwa kuhusu usahihi. Waulize hivi: SNEL, shirika la umeme, ikikata saa mbili usiku na jenereta ikawashwa kwa ajili ya chumba cha upasuaji peke yake, skrini itaonyesha nini? Mfumo mzuri utasema: “Konsentreta namba 14 ilionekana mara ya mwisho pavilioni ya watoto, saa 1:52.” Mfumo mbaya utaendelea kuonyesha nukta ya kijani kana kwamba bado unaiona. Tofauti hiyo haiandikwi kwenye vipeperushi, na kwangu mimi inapita tofauti iliyopo kati ya mita tano na sentimita thelathini.

Swali la pili: kompyuta inayofanya mahesabu iko wapi? Ikiwa iko ng'ambo, na hospitali inaifikia kupitia intaneti ya kulipiwa kila mwezi, basi siku intaneti ikikatika hospitali imepofuka, ingawa tagi zote ziko hai. Programu ikae ndani ya hospitali, kwenye kompyuta ndogo yenye betri yake ya akiba, na nakala ipelekwe nje intaneti inapopatikana. Waya unaotoka pavilioni hadi pavilioni kupita hewani ulindwe dhidi ya radi. Mawingu ya Katanga kati ya Novemba na Machi yameshaua modemu nyingi, na kipokezi hakina ngozi ngumu kuliko modemu.

Nimekuwa nikisema mashine. Niseme sasa kuhusu watu, maana muuzaji hatakomea kwenye mashine.

Oktoba 2018 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu hospitali zinazowazuia wagonjwa waliopona kwa sababu hawajalipa. Waandishi wake walikuwa wametembelea hospitali na kliniki zaidi ya 20 mjini Lubumbashi, na karibu zote zilikuwa na desturi hiyo. Hakuna mwenyeji aliyeshtuka. Kila familia ya mji huu inamjua mama aliyejifungua salama akakaa wiki baada ya wiki wodini, mtoto mgongoni, mlinzi akiwa getini, ndugu wakizunguka kuchanga dola. Hospitali nazo zinajitetea kwamba bila malipo hakuna mshahara wala dawa, na ni kweli kwamba hospitali zimeachwa zijilishe zenyewe. Kweli hiyo haimfanyi mama kuwa dhamana. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, iliamua kwamba kuwazuia ni kuvunja katiba.

Weka sasa bangili ya kufuatilia kwenye mkono wa mama huyo. Katika kijitabu cha muuzaji bangili hiyo inaitwa usalama wa mgonjwa: inahakikisha mtoto anatoka na mama yake, inamtafuta mzee aliyepotewa na kumbukumbu, inalia getini asiyeruhusiwa kutoka anapotoka. Vifaa ni vilevile. Programu ni ileile. Mstari mmoja tu kwenye hifadhidata, “hajalipa,” unaigeuza kuwa pingu, na mlinzi hatahitaji tena hata kuangalia. Ninaamini kwa dhati kwamba hospitali inayozuia wagonjwa kwa ajili ya deni haipaswi kumfunga mgonjwa tagi yoyote. Hakuna faida ya kitabibu itakayofidia. Mashine zifuatiliwe, wagonjwa wasubiri mpaka geti liwe wazi kwao. Sheria ya Kongo imeanza kutoa mahali pa kusimama: Kanuni ya Dijitali iliyotangazwa Machi 13, 2023 ina vifungu vya kulinda data za watu. Mahali alipo mtu, saa kwa saa, ndani ya wodi ya kifua kikuu au ya uzazi, ni habari ya afya yake hata kama hakuna ugonjwa ulioandikwa.

Wauguzi nao wana haki ya kuulizwa. Beji inayomfuata muuguzi inaweza kumsaidia kuita msaada anapovamiwa usiku, na inaweza kutumika kumkata mshahara kwa dakika alizokaa chini. Kama uongozi unataka ya kwanza, uandike kwenye makubaliano na chama cha wafanyakazi kwamba ya pili haitatokea, na data za mienendo zifutwe baada ya siku chache zinazotajwa kwa idadi. Bila hivyo beji zitaachwa kwenye droo, na ramani itaonyesha wafanyakazi wote wamekaa ndani ya droo moja.

Kwa hospitali ya Lubumbashi iliyomaliza orodha yake na bado ina vifaa vingi vinavyohama, mimi ningeanza na Bluetooth ya kawaida kwenye vifaa vya kuhamahama peke yake: konsentreta, pampu, mashine za kufyonza, vipima moyo. Vipokezi vichache kwa kila pavilioni, na lengo la kujua pavilioni, si kitanda. Kuta nene na nyua kati ya majengo, zinazosumbua mifumo mingine, hapa zinasaidia, kwa kuwa ishara ya pavilioni moja haivuki kirahisi kwenda nyingine. Palipo na lazima ya kujua chumba, kama wodi ya wagonjwa mahututi, infraredi iongezwe hapo tu. Jaribio lianze Novemba, si Juni, ili mvua na radi vishiriki katika kupima.

Mkataba uandikwe kwa lugha ambayo fundi wa hospitali anaisoma. Utaje betri inayonunuliwa madukani hapa mjini, wala si ya kuagizwa kwa muuzaji mmoja. Utaje kwamba data ni mali ya hospitali na itatolewa yote katika faili la kawaida mkataba ukiisha. Utaje muda wa kurudisha mfumo hewani baada ya radi, kwa saa, na jina la cheo cha mtu anayewajibika. Tagi zijaribiwe kwa dawa ya klorini ambayo wodi hutumia kila asubuhi, wiki kadhaa mfululizo, kabla ya kulipwa. Gundi nyingi huachia hapo. Na kwenye bajeti ya kila mwaka uwepo mstari wa fundi mmoja ambaye kazi yake, kila mwezi, ni kuzunguka na orodha mkononi, kuangalia kama tagi namba 14 bado imebandikwa kwenye konsentreta namba 14, na kuiwasha mashine kuona kama inatoa oksijeni.